Ganda Moja Lisilo na Baruti

Bibi yangu alikuwa na meno manne, na moja lilivunjika kwa sababu yangu. Naanzia hapo, mtanisamehe, niliishia darasa la nne na sijui habari huwa inaanzia wapi. Ilikuwa kwetu, nje kidogo ya Tabora. Mama aliniwekea ungo wa maharage nichambue. Vidole vilikuwa kwenye maharage lakini mdomo ulikuwa kwa jirani, namsimulia ng'ombe wa nani katumbukia kisimani. Jioni bibi akatafuna, tukasikia kah! Akatema kijiwe kiganjani, pamoja na kipande cha jino. Hakuniuliza kitu. Mama ndiye aliyeuliza, "Nani kachambua?" Mimi, mtu niliyezaliwa naongea, siku hiyo nikanyamaza, na dada yangu akachapwa. Bibi tangu hapo akawa mtu wa uji.

Sasa nipo Thamesmead, ghorofa ya sita, lifti ikiamua. Nimefagia ofisi za watu London hii mpaka magoti yakakataa. Rafiki wa kweli nilimpata mmoja tu, singasinga fundi wa saa kule Tooting. Nilimpelekea saa yangu, akasikia ninavyoongea, akaiweka saa chini. "Wewe Mnyamwezi wewe!" Kumbe kazaliwa Tabora ileile, baba yake alikuwa seremala wa reli. Nikampa shikamoo, maana ananizidi kama miaka minane, akaitika marahaba kwa sauti ya kwetu kabisa. Nililia pale pale dukani, sioni aibu kusema. Utani ulianza siku hiyo. Yeye aliniita mbeba mizigo, kazi ya Wanyamwezi wa zamani kwenye misafara, mimi nikamwita bwana harusi kwa sababu ya kilemba.

Alipofunga duka moja kwa moja, macho yakiwa yamechoka, alibaki na kitu kimoja cha kujivunia. Bunduki. Msishtuke, ilikuwa na leseni, na ililala ndani ya kabati la chuma. Bunduki nyembamba ya risasi ndogo, ya kupigia sungura na kunguru wanaoharibu mazao kwenye shamba moja huko Kent, mwenye shamba mwenyewe kamruhusu. Risasi za dukani alizidharau. Alizitengeneza mwenyewe chumba cha nyuma. Ganda la shaba analisafisha, analipachika fataki mpya kitakoni, kile kidude cha kuwashia baruti, anapima baruti kwenye mizani punje kwa punje, anaimimina kwa faneli ndogo, halafu anashindilia kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono. Vichwa vyenyewe vyepesi, kimoja uzito wa karanga nne tano. Nilimuuliza kwa nini asiweke vizito.

"Mtutu huu wa zamani," akasema, "mikato yake ya ndani, ile inayozungusha risasi, inajipinda polepole. Kichwa kizito kinatoka kinapepesuka kama wewe ukitoka harusini. Halafu hiki chepesi kikigusa udongo kinasagika, hakiruki kwenda kwa kondoo wa watu."

Sharti lake lilikuwa ukimya wakati wa kumimina. Mkewe, enzi za uhai wake, alikaa mlangoni akifuma sweta, hapiti mtu. Alipofariki mlango ukabaki bila mlinzi, na mimi nikapewa ufunguo na kazi. Baruti ikishamiminwa, nachukua tochi, namulika maganda yote yaliyosimama kwenye ubao wa matundu, nahakikisha kila moja lina baruti, na zote usawa mmoja. Macho yake yalikuwa hayafiki tena humo ndani. Nimefanya kazi nyingi London, hiyo ndiyo pekee niliyoijivunia, na ilikuwa haina mshahara.

Binti yake alitaka bunduki iondoke. Kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza. Si mtoto mbaya. Mzee alishasahau jiko likiwaka mara mbili, angefanyaje? Wakapatana hivi: Jumamosi wote twende shambani, mzee apige risasi tano kwenye karatasi. Zikikaa zote mahali pa kufunikwa na dole gumba, bunduki inabaki. La sivyo, inarudishwa kwa muuza bunduki.

"Karatasi haina chuki na mtu," mzee aliniambia. Lakini mkono wake ulikuwa unasugua goti, unasugua tu.

Jumatano nikafika mapema. Siku hiyo basi lilikuja bila kusubiriwa, jambo ambalo halitokei. Nikajifungulia, nikamkuta kainamia maganda ya Jumamosi, faneli mkononi. Na mimi kwa mazoea ya mdomo wangu, "Shikamoo kaka!"

Shikamoo kwetu huiachi ikining'inia. Mkono wake ukasimama hewani.

"Marahaba. Habari za huko?"

"Njema. Za hapa? Za usingizi? Miguu je?"

Tukaenda nazo, za binti, za mvua, za Tabora ambako hakuna aliyetutumia salamu. Alipoinama tena, aliendelea na tundu lililofuata, akidhani lile alilokuwa juu yake kashalimaliza. Mwishoni akanipa tochi.

"Mulika, mbeba mizigo."

Nikamulika, huku namsimulia mwanamke aliyegombana na dereva kwa kupanda basi na godoro.

"Vipi?"

"Kote sawa, bwana harusi."

Jumamosi alilala kifudifudi kwenye majani, akapiga. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilitazama kwa darubini nikaona zote tatu zimepita tundu moja tu, limechanika kidogo ubavuni. Binti alikuwa nyuma yetu na chupa ya chai, na nilimwona anatabasamu, wallahi alitabasamu. Ya nne ikatoa mlio kama mtu anafungua soda.

Mzee aliondoa kidole kwenye kifyatulio. Alichomoa komeo la bunduki, akachungulia mtutu kutokea nyuma. "Giza," akasema. Ganda halikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikisukuma kichwa kikanasa humo ndani. Angepiga ya tano, chuma kingempasukia usoni.

Akakaa kwenye majani. "Nimesahau baruti," akamwambia binti yake. "Mimi. Nimesahau baruti."

Binti akapiga magoti, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Mimi nilisimama na lile godoro la mwanamke wa basi kichwani mwangu, nalikumbuka hadi rangi yake. Rangi ya ndani ya lile ganda sikuikumbuka, kwa sababu sikuiangalia. Sikusema neno. Njia nzima ya kurudi sikusema neno, na binti akadhani nimeguswa na msiba wao.

Jumatatu binti alikuwa kazini, nikamsindikiza mzee kwa muuza bunduki. Leseni alikuwa ameshaiposti polisi. Akaweka bunduki juu ya kaunta, akatia sahihi, akaipapasa mara moja kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemuuza. Tulipotoka nje, barabarani, ndipo mdomo wangu ukafunguka.

"Kaka, ile Jumatano nilimulika bila kuangalia. Na salamu zangu ndizo zilizokukatisha. Kichwa chako hakina tatizo."

Alisimama, akanigeukia.

"Shambani ulikuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao."

"Siku mbili nimekaa na mwanangu tunazungumzia nyumba ya kutunziwa wazee. Nimeshamwambia sawa."

Nikafanya ninalolijua. Niliinamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Alifunga kifungo cha juu cha koti, akavuka barabara taa ikiwa bado nyekundu, gari likampigia honi, hakugeuka. Kilemba chake cha buluu nikakiona kituoni, halafu nyuma ya kituo, halafu hakikuonekana tena. Nilisubiri pale mpaka muuza bunduki akashusha mlango wake wa chuma. Hakurudi.