Fundi Aliyejichorea Mistari ya Mionzi

Mstari mmoja wa chaki ulitugharimu asubuhi nzima ya mashine na siku kadhaa za kusubiri, na nusura utugharimu mgonjwa mwenyewe. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lile lile. Nawaeleza ninyi mnaojiandaa kuanza tiba ya mionzi, mpate kuanza vizuri.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa mpiga eksirei tu. Mkuu wa kitengo, tuliyemwita Shefu kama wakubwa wote wa enzi za Kifaransa hapa Rwanda, alinipa somo moja: "Uliza jina la mgonjwa. Halafu uliza tena." Mimi mtoto wa duka, niliyelelewa kuhesabu chenji mara mbili, nikaona nimefika kwetu. Wakati ule mgonjwa aliyehitaji mionzi alipelekwa nje ya nchi, au alibaki nyumbani. Mashine ilipofika Kigali nilikuwa na mvi tayari. Nikarudi darasani na vijana, chini ya Shefu mpya, mama aliyekulia Uganda, asiyecheka kabla ya saa sita.

Kwanza kuna picha za kupanga. Unalala vile utakavyolala kila siku ya tiba, nasi tunachora kwenye ngozi alama za kutuelekeza mahali pa kupiga mionzi. Oga taratibu, usizisugue. Siku ya tiba usipake mafuta sehemu ile bila ruhusa. Najua, kwetu kutoka nyumbani ngozi imepauka ni aibu. Vumilia aibu.

Fundi Zaituni, mshonaji wa Batsinda mwenye saratani ya titi, alikuja siku yake ya kwanza ya mionzi anang'aa kwa usafi. Mistari kifuani ilikuwa imenyooka kuliko yetu. Tena ya bluu. Kalamu yetu ni nyeusi.

"Mama, hii imechorwa na nani?" nikamuuliza.

"Na mimi. Yenu ilitoka nikijisugua. Mtu aende hospitali mchafu? Nikaweka chaki. Nakata kanzu za watu miaka yote, nitashindwa kifua changu?"

Tukapiga picha ya kuhakiki, ile inayotangulia mionzi. Mistari ilikuwa imehama upana wa kidole.

"Leo hakuna mionzi," Shefu akasema. "Picha za kupanga zirudiwe."

"Kidole kimoja tu!" Zaituni akanigeukia. "Mzee, nipunguzie."

Nimebishana bei pale njia panda ya Sonatubes mpaka waendesha pikipiki wananikimbia. Nikamwambia hapa ndipo mahali pekee Kigali ambapo sipunguzi.

"Basi iko sawa. Narudi kwangu, na sirudi tena. Mungu amekataa."

Alikwisha kuanza kufunga kitenge. Akitoka, uvimbe utabaki naye. Nikasimama, ila si mlangoni kumzuia.

"Fundi, mteja akija na nguo uliyompimia, kumbe ameikata upya mwenyewe, unafanyaje?"

"Namsema mpaka achoke!"

"Unamfukuza?"

Akaacha kufunga kitenge. "Nampima tena."

"Haya. Mimi nimeshakusema. Lala nikupime."

Alicheka kwa hasira, lakini alilala.

Wiki iliyofuata akaanza. Mionzi haiumi wakati inapigwa. Unalala tuli dakika chache. Unabaki peke yako chumbani, lakini tunakuona kwenye kamera na tunakusikia ukiita. Mashine ya nje ya mwili haikuachii mionzi ndani, kwa hiyo beba mjukuu ukifika nyumbani. Uchovu utakuja, ngozi inaweza kuwa nyeusi au kuwasha. Tuambie, na dawa za mitishamba utuambie pia. Usiruke siku kwa sababu tu unajisikia vizuri. Zaituni aliomba apigwe mara mbili Ijumaa ili Jumatatu ashone. Nilikataa mara mbili.

Siku ya mwisho alikaa kitandani akauliza, "Imeisha? Hesabu tena." Nikahesabu tena. Imeisha. Shefu alicheka, na haikuwa hata saa nne.

Sasa nimestaafu. Zaituni anaendelea kwenda kupimwa na anashona kila siku, na nikipita kwake nikasikia cherehani yake, usiku nalala vizuri. Ila Jumamosi ananiletea dada yake wa Gatsata, aliyeambiwa aanze mionzi na amekataa katakata. "Mimi hanisikii, mzee. Ongea wewe."

Ninyi mliokwisha kulala chini ya ile mashine, neno gani lingewatoa hofu kabla ya kuingia? Niambieni kabla ya Jumamosi.