Injini ya Matoleo Mawili

Mtaani walimwita Spana, na jina likamkaa. Begi lake lilikuwa juu ya kabati, limeshafungwa. Kiwanda cha maji katika mji mwingine kilikuwa kimempa kazi ya fundi wa mitambo, naye aliitamani kazi hiyo kuliko kitu chochote. Lakini dada yake alimwambia bila kumtazama, "Kwanza niwashie gari, ndipo uende." Gari hilo dogo la mizigo lilisambaza mikate, na mikate ndiyo iliyowalisha wote, Spana akiwemo.

Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepasuka, na ya aina yake haikupatikana popote. Spana akaleta ya toleo jipya la injini ile ile. Boliti zilikaa sawasawa, akafurahi mno. Kisha akaona tundu la maji ambalo kwenye bloku ya zamani, kiwiliwili cha injini, halikuwa na mwenzake. Akaliziba kwa kuchomelea. Puli iliyokuja na hedi hiyo nayo ikaukataa mkanda wa zamani. Akatafuta mkanda wa gari jingine kabisa. Bomba la hewa likagonga bodi. Akalikata na kuliunga upya. Kila kifaa alichobadilisha kilidai jirani yake naye abadilishwe.

"Shemeji, hii ni injini au ndoa ya mitala?" alitania mume wa dada, ambaye ndiye dereva.

"Mitala, shemeji. Na wake hawaelewani."

Siku injini ilipowaka, dada alicheka hadi akafuta machozi. Spana akamwita fundi wa barabara ya pili ili amkabidhi gari, awe akilitengeneza yeye akishaondoka. Fundi akainama chini ya boneti, akazunguka upande wa pili, akainama tena.

"Mkanda huu wa gari gani?"

Spana akamwambia.

"Na hapa umeziba nini?"

Akamwambia hilo pia.

Fundi akafuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Kaka, hongera, kazi safi. Ila mimi siigusi. Ikizimika njiani nianzie wapi? Hii ina fundi mmoja tu duniani."

Dada alikuwa mlangoni, akasikia yote. "Basi si unaona, mdogo wangu?" alisema kwa upole. "Utatuachaje?"

Shemeji akaingiza gia na kuondoka na mikate. Spana alisimama akiusikiliza mlio mpaka gari lilipokata kona. Ulikuwa mtulivu, hauna kasoro. Akaingia ndani, akashusha begi, akatoa ovaroli na kuitundika kwenye msumari wake wa siku zote.