Mgomba Tuliouzika Badala ya Baba

Sokoni sina rafiki. Bei ya kwanza naicheka, ya pili naipa mgongo, na mkungu wa matoke naugeuza mara mbili kabla sijafungua pochi. Lakini muuzaji akikata kikonyo mbele yangu, utomvu ukatoa ile harufu yake ya ubichi, nalipa alichosema na kuondoka. Wanadhani uzee umenilainisha. Ninyi niwaambie ukweli.

Baba alikuwa fundi cherehani karibu na kambi, enzi zile mwanajeshi akiwa ndiye serikali. Jirani yetu, Sajini, alimletea suruali ya gwaride ampanulie kiuno. Alipoijaribu, kifungo kikaruka.

"Wewe fundi, umeharibu suruali yangu!"

"Afande, suruali iko sawa," baba akamjibu. "Ni tumbo ndilo limepandishwa cheo."

Wateja wote walicheka. Sajini naye alicheka, na hicho ndicho kilichotudanganya. Jumamosi gari likasimama, baba akasukumwa kwenye buti mchana kweupe. Sajini alikaa kiti cha mbele, hakugeuka.

Mama alimtafuta kila mahali, hadi chumba cha maiti pale hospitali ya Mulago. Hakumpata. Kwetu Buganda mtu haachwi bila kaburi: mwili usipoonekana, hukatwa mgomba, ukaviringishwa katika nguo ya gome la mti, ukazikwa kwa jina lake. Mjomba alikata mmoja nyuma ya nyumba, utomvu ukanuka ubichi, akaupima kwa macho ulingane na urefu wa baba. Katekista aliomba kwa kunong'ona, maana siku zile hata kilio kiliweza kukupeleka pabaya. Mama alipiga magoti akasema, "Mungu, unajua alipo na unamjua aliyemchukua. Kesi hii nimekuachia Wewe."

Mimi nilijua jambo moja tu kuhusu migomba: ikipandwa, huchipua. Basi kila nilipotoka shule nilimwagilia kaburi. Mama alinitazama kutoka mlangoni, asinikataze.

Serikali ile ilipoanguka, Sajini alikimbia, akamwacha mkewe, Mama Zubeda, na watoto. Vijana wa mtaa wakaja na mapanga na dumu la petroli.

"Mama, toa neno tu," wakasema. "Sisi tunachoma."

Mimi neno nilikuwa nalo tayari. Hata baiskeli ya Sajini nilikuwa nimeshaichagulia mahali pa kuegemea kwetu.

Mama alichukua kigoda cha baba cha kushonea, akakiweka mlangoni pa Mama Zubeda, akakaa.

"Kesi ya mume wangu iko kwa Mungu. Ninyi nani amewapa?"

"Na huyo Mungu wako amefanya nini mpaka leo?"

"Anayengoja ni mimi. Wewe haraka ya nini, alikuwa mume wako?"

Mmoja akacheka, wengine wakasonya, wakaondoka kwenda kuvunja maduka. Nyuma ya mlango watoto walikuwa wanalia. Mama alinishika mkono, tukarudi kwetu.

Nilimkasirikia muda mrefu. Niliona ametoa bure kitu ambacho hata mimi, mtoto, nisingekiachia bila kubishana. Nilidhani amesamehe. Kumbe jina la Sajini alilitaja katika sala zake mpaka alipokufa, kwa sauti ya mtu anayedai, na jibu sikuwahi kulisikia. Baadaye sana ndipo nilipoelewa: kama nyumba ile ingeungua, kesi ingefungwa siku ileile, juu ya vichwa vya watoto wasiojua lolote, na asingebaki wa kuulizwa baba yuko wapi.

Mwaka uleule wa vurugu, mvua zilipokuja, kaburi lilititia. Nilifukua kwa vidole kutafuta chipukizi, nikafukua tena. Hakuna. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale mama alipokuja na debe la maji. Alikuwa mkulima wa migomba tangu utoto. Alijua vizuri kwamba shina lisilo na mizizi halichipui.

Akamwagilia pamoja nami, polepole, mpaka debe likaisha.