Gauni la Idi la Husna

Mlinzi Abdallah alimwacha bintiye Husna kwao Unguja akiwa na miaka saba. Jumba la sanaa alilolinda Katara, Doha, lilikuwa na picha kubwa ya msichana wa kimo kile kile cha Husna. Basi kila Idi ilipokaribia, watembeaji wa jioni wakishapungua, yeye aliyewakataza kuigusa aliipima kwa shubiri, kisha akaenda mtaa wa Najma kununua gauni la sikukuu la kumtumia Husna. Mtu mzima na akili zake, hakukumbuka kwamba picha haikui.

Idi ya sita, Husna alimpigia simu.

“Shikamoo, baba. Gauni zuri.”

“Marahaba, mwanangu. Limekukaa?”

“Tumempa mtoto wa jirani, baba. Kama yale mengine.”