Maji ya Kifuani Kule Kasanga

Nitawasimulia, ila mkicheka mcheke taratibu, maana mwenyewe bado sijaweza kuicheka ile siku ambayo mimi, mwanaume mzima mwenye mke na ndevu, nilipiga mayowe ya kuomba kuokolewa kwenye maji yaliyonifika kifuani.

Kaka yangu Deo, fundi baiskeli pale Sumbawanga mjini, ndiye aliyeniingiza kwenye mashindano ya michezo mitatu, yale ya kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio, bila kupumzika katikati. Kila alfajiri tulikuwa tunaendesha kwenye baridi ya Ufipa (baridi ya kukutoa machozi) halafu tunakimbia, na hapo sikuwa mbaya. Kuogelea ndiko sikujua. Kaka alijifunza alipokuwa akifanya kazi Kasanga, ziwani, na aliponiuliza, "Fide, maji unayaweza?" niliona aibu nikamjibu, "Nayaweza, Kaka, nafanya mazoezi bwawani." Bwawa lenyewe nilikuwa naingia hadi magotini, nanawa uso, narudi nyumbani.

Siku ya mashindano baba alikuja. Mzee wetu alikuwa mkulima wa ulezi, mtu wa shambani na kanisani tu, na miaka yote aliyaita mazoezi ya Kaka shughuli za wasio na shughuli. Lakini mwaka huo alikuwa anaumwa, akasema anataka kumwona Deo akimaliza walau mara moja. Akasafiri hadi Kasanga na koti lake la Jumapili. Kaka alipomwamkia, "Shikamoo, baba," mzee aliitikia, akamshika mkono, akachelewa kuuachia.

Tukaingia majini. Mimi nikajikongoja kandokando ya ufukwe, napiga maji kama mbwa, Kaka yuko mbele ya wote, ameshazunguka dumu la alama na anarudi, ndipo kiwimbi kikanijaza maji puani nikasahau kwamba nina miguu.

"Kaka, nakufa!"

Akaacha njia yake akanifuata. Nikamkamata bega, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, nikasikia kitu kikiachia mle ndani ya bega.

Hakunitukana. Aliuma meno, akaniambia, "Fide, simama."

Nikasimama. Ufukwe mzima ulicheka, na kuna mama mmoja mchuuzi wa samaki aina ya migebuka alikaa chini kabisa kwa kucheka. Kaka alitoka ameushika mkono uliolegea, akaifikia baiskeli, akajaribu kushika usukani mara mbili, mkono ukakataa. Baba alivua koti akamfunga nalo mkono, bila haraka, kisha akanigeukia mimi. "Kwa nini hukusema hujui?"



Mzee alifariki kabla ulezi haujavunwa.

Mwaka uliofuata Kaka alirudi Kasanga akamaliza, akawa wa nne. Alipovuka mstari aligeuka akawatazama watu waliosimama pale, kutoka upande huu hadi ule, kama mtu anayetafuta mtu, halafu akaja nilipokuwa, akachukua taulo akajifunika uso. Alikaa hivyo muda mrefu na mimi sikuthubutu kumgusa.

Tangu hapo nimeapa: nikiulizwa kama nakiweza kitu, na sikiwezi, nasema sikiwezi, mbele ya yeyote (mke wangu hunishangaa). Neno lenyewe ni fupi. Lingenitoka mapema, baba angemwona mwanawe akimaliza.