Siku Nilipomtetea Masatu

Sifa na shukrani ni kwa Mungu, aliyenivumilia miaka yote hii hata nikapata muda wa kulisema mimi mwenyewe jambo nililolificha tangu ujanani. Asingekuwa mvumilivu, ningekwenda nalo kaburini.

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ubatizo wa watoto wangu. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipoitana ndugu hata tusiojuana, na sukari ikipatikana kwa mgao. Nilikuwa kijana wa kiwandani Nyakato, nimeshona suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, na nilitaka kumwoa Leokadia. Kwao ni Pasiansi, ila asili yao, kama sisi, ni kisiwani Ukerewe.

Kwanza nikwambie kuhusu Masatu. Huyo ndiye aliyemzaa babu yangu. Nyumbani kwetu jina lake lilitajwa katika sala kabla ya chakula. Njaa kubwa ilipoingia kisiwani, alipakia watu kwenye mtumbwi wake akawavusha hadi bara, na pamoja nao akavusha mfuko wa mbegu za mtama. Mbegu zile zilizaa, ukoo ukapona. Kila mtoto wa kwetu alifundishwa habari hiyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mimi nilimpenda mtu yule kuliko wengi niliowaona kwa macho.

Siku ya posa tulikwenda wanne: baba yangu, shangazi, mshenga wetu mzee Polikarpo, na mimi. Desturi yetu unaijua. Mshenga ndiye msemaji. Mwoaji anakaa kimya, macho chini, hata akichokozwa. Na walinichokoza kweli. Mjomba wake Leokadia alinitazama miguuni akasema:

"Jamani, suruali hii ingetoa gauni la bibi harusi na foronya mbili juu. Kijana, upepo wa ziwa ukivuma si utapaa wewe?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka moyoni. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Leokadia alituletea chai akaniwekea kikombe changu bila kunitazama, ila nikaona anazuia tabasamu.

Ndipo mzee Polikarpo akaanza kuutambulisha ukoo wetu, na akaanzia kwa Masatu. Akasimulia mtumbwi, akasimulia mbegu. Alipomaliza, Bibi Anastazia, mama yake mama wa Leokadia, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango, akauliza kwa sauti ndogo:

"Masatu yupi? Yule wa kule karibu na Nansio?"

"Huyo huyo, mama," shangazi akajibu kwa fahari.

Bibi akaweka kikombe chini. "Basi na mimi nisimulie. Mama yangu alikuwa ndani ya mtumbwi huo, msichana mdogo, pamoja na mama yake. Walipofika katikati, ziwa likachafuka, maji yakawa yanaingia. Masatu akasema mzigo upunguzwe. Mfuko wa mbegu ulikuwepo, hakuutupa. Alimshusha bibi yangu kwenye jiwe lililochomoza majini, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, hawezi kupiga kasia. Akamwambia, 'Kesho nitakufuata.' Mama yangu alikaa ufukweni siku nyingi akingoja. Hakuna aliyekwenda."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja msiba wa kwao, basi. Ningekaa kimya tu, mwanangu, yangepita. Lakini nilisimama, nikamnyooshea kidole.

"Bibi, wewe ni mwongo! Bila Masatu hata huyo mama yako angekufa. Hamna shukrani ninyi!"

Baba alinivuta mkono, lakini maneno yalikwisha kutoka. Bibi hakulia. Alivuta kanga yake akafunika magoti. Leokadia alikuwa mlangoni na birika. Aligeuka akaingia ndani, wala hakutoka tena.

Yule mjomba mcheshi ndiye aliyetoa jibu, baada ya wao kushauriana uani. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Mzee Polikarpo, asanteni kwa kuja. Msidhani tunakataa kwa ajili ya marehemu. Yeye ana Hakimu wake. Tunamkataa huyu. Leo anamwita mama yetu mwongo mbele ya wajukuu wake. Mtoto wetu atamwitaje, wakiwa wawili tu ndani?"

Tulirudi kwa miguu. Njiani nikamwuliza baba kwa nini hakumkanusha yule bibi. Akajibu:

"Kwa sababu ni kweli. Masatu mwenyewe alimwambia babu yako alipokuwa anakata roho. Alikuwa anamwita yule mwanamke kwa jina."

"Mbona mimi hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje," alisema, "na mtama ule ndio uliotulisha?"

Nilikwenda kuungama. Padri akaniambia nikamwombe Bibi Anastazia radhi. Nikasema Jumapili ijayo. Ikaja, nikasema ijayo tena. Niliona aibu kupita mbele ya mlango ule. Mvua za masika hazijaanza, nikasikia wamemzika. Leokadia aliolewa Bukoba. Mungu hakuninyima mke mwema, namshukuru sana, na sina ninalomlalamikia. Lakini radhi ile sikuipata, na hapa duniani hakuna wa kunipa.

Basi nakuusia, mwanangu. Wapende waliokutangulia, lakini usiwatetee marehemu kwa kuwatukana walio hai. Ukisikia habari chungu ya mtu wa kwenu, nyamaza kwanza umsikilize anayeumia. Ukipata watoto, wasimulie yote: mbegu, na yule mama aliyeachwa. Na ukimkosea mtu, nenda leo hii, hata kama miguu inakataa.

Mungu akujalie wewe unayesoma masikio ya kusikia ukweli na moyo wa kuuvumilia. Akubariki utokapo na uingiapo, na wote unaopaswa kuwaomba radhi akuwekee hai mpaka uwafikie. Amina.