Namna Kijiji cha Baba Kilivyofutwa

Watu wakiniuliza kwetu wapi, nawajibu mji wa Ibra, upande wa Maskati, mradi waniache. Si kweli. Kwetu ni kijiji kilichokuwa kando ya wadi, bonde lile linalopita maji mvua ikinyesha tu, na serikalini kijiji hicho hakipo tena. Mkono wangu umo katika kufutwa kwake, na leo nasema.

Baba alizaliwa Unguja, hakukiona kijiji mpaka mvi zimemuingia. Lakini utotoni mwetu wimbo wake ulikuwa huo huo: kina sheikhe wake, kina falaji yake, mfereji wa kunyweshea mitende, kina msikiti wake, na hakijapata kuwa chini ya jirani. Wazee wake walipigana na watu wa kijiji cha ng'ambo ya wadi kwa ajili ya neno hilo. Tuliporudi huko kutoka Unguja, miaka ya sabini, tulikuta kuta za udongo, nzi, na watu wanaokicheka Kiarabu chetu. Mama alilia wiki nzima. Baba, maskini, akitembea mitendeni miguu mitupu, anacheka peke yake.

Kazi hakuna, akaenda Maskati kuendesha lori, anarudi Alkhamisi. Wanaume wengi vivyo hivyo, wengine wako Kuweti. Kwa hiyo karani wa serikali alipokuja na daftari lake, alikuta wanawake watupu.

Mama alisimama nyuma ya pazia la mlango. Kiarabu hakijui. Mkalimani ni mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu, niliyeokota Kiarabu changu kisimani. Mama akijivuna nami kwa majirani: "Huyu wangu anakisema kama maji!" Nami kichwa kikanivimba, wallahi.

Karani akaeleza kirefu. Nilichokishika ni kwamba kijiji chenye watu wengi kitajengewa skuli na zahanati, chenye wachache kitaunganishwa na jirani. Mengine yalinipita. Kumwambia arudie nikaona haya, na kumfasiria mama nusunusu nikaogopa ataniuliza nisiyoyajua. Nikafupisha: "Anauliza tuko wangapi."

"Mwambie watatu," mama akanong'ona.

Tulikuwa tisa.

"Mama!"

"Wee! Watu si mbuzi wakahesabiwa. Nimezika wawili Unguja kwa jicho baya la yule bibi aliyewahesabu wanangu kwa kidole. Sema watatu."

Nikasema watatu. Wadogo zangu walikuwa uani, kila mmoja na tende mdomoni asitoe sauti. Karani akaandika, akanishukuru, akaenda nyumba ya pili. Na huko kote, wenyeji na sisi wa Unguja, hakuna mwanamke aliyemtajia mgeni watoto wake wote. Jicho halina kabila.

Haukupita muda sheikhe akaitwa, akaambiwa kijiji chake sasa ni mtaa wa kijiji cha ng'ambo. Wale wale! Skuli ikajengwa kwao, zahanati kwao, nguzo za umeme zikaishia kwao. Jirani yetu alishikwa na uchungu wadi imejaa maji, gari haipiti. Tukamzika pamoja na kitoto chake. Baada ya hapo nyumba zikahama moja moja. Falaji ikakosa watu wa kuizibua, maji yakakatika, mitende ikafa imesimama.

Baba hakukubali. Kila akirudi Maskati anapitia ofisini kwa wali, mkuu wa wilaya, miaka nenda miaka rudi: "Tumedhulumiwa! Watu wa ng'ambo wametufitini!" Akaacha hata kuitikia salamu zao. Mimi nikimsikia, namtilia chai.

Nilikuwa nimeshaolewa, nimekuja kuwatazama, siku Baba aliporudi kutoka ofisini rangi imemtoka. Kijana mmoja wa huko alimhurumia, akalitafuta lile daftari la zamani na kumsomea hesabu ya nyumba yake mwenyewe.

"Nani aliyesema tuko watatu?"

"Mimi," mama akajibu.

Baba akamtazama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Umeniulia kwetu."

"Bwana, sikujua ni ya nini! Ningalijua ni ya skuli, ningaliwataja wote, mpaka wale niliowaacha makaburini Unguja. Hakuna aliyeniambia."

Nilikuwa pale pale mlangoni na birika la kahawa mkononi. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu. Neno moja tu lilitakiwa: kwamba karani alinieleza mimi, nami sikumfasiria mama. Nikaingia, nikawamiminia kahawa, nikarudi jikoni.

Baba aliishi miaka miwili tena, akilala chumba cha peke yake. Akinitaka maji ananiita mimi, mama hamuiti. Mama alimfuata baada ya miezi michache, na mpaka anakata roho alikuwa akiomba msamaha wa kuua kijiji cha watu. Nilimuosha mimi mwenyewe kwa mikono hii, tumebaki wawili chumbani, na hata hapo sikumwambia.